Je, Wajua? Chuo Kimoja, Kampasi 17

Je, wajua kwamba nchini Kanada kuna chuo cha umma ambacho saa za ukutani hupishana kwa nusu saa kati ya kampasi na kampasi? Ni College of the North Atlantic, chuo cha ufundi chenye kampasi 17 katika jimbo la Newfoundland na Labrador. Kisiwa cha Newfoundland kina majira yake, nusu saa mbele ya sehemu kubwa ya Labrador. Mwalimu aliyeko St. John's akianza kipindi cha mtandaoni saa 3:00 asubuhi, mwanafunzi wa Labrador City, mji wa machimbo ya chuma, hukiingia saa 2:30.

Chuo kiliundwa mwaka 1997 kwa kuunganisha vyuo vya kanda. Makao makuu hayako St. John's, mji mkuu wa jimbo, bali Stephenville, mji mdogo wa pwani ya magharibi. Kutokirundika chuo chote mji mkuu ni uamuzi mzuri, kwa maoni yangu: jimbo hili lina vijiji vingi vya wavuvi, na uvuvi wa chewa wa bahari baridi ulipopigwa marufuku mwaka 1992, maelfu ya watu wazima walilazimika kurudi darasani kusaka ujuzi mpya. Darasa la karibu lilikuwa na thamani kubwa kwao.

Kuanzia mwaka 2002 chuo kilikuwa na kampasi hata Doha, Qatar. Mwaka 2022 kampasi hiyo ikawa chuo kikuu cha taifa hilo.