Je, Wajua? Mamogramu na Msongamano wa Titi

Je, wajua kwamba wanawake wawili wanaweza kupigwa mamogramu kwa mashine ile ile, wote wakaambiwa hakuna kilichoonekana, lakini jibu la mmoja likawa la kuaminika kuliko la mwenzake? Tofauti iko kwenye msongamano wa tishu za titi.

Kwenye picha ya mamogramu, mafuta huonekana meusi, ilhali tezi za maziwa na nyuzi zinazozishikilia huonekana nyeupe. Bahati mbaya ni kwamba uvimbe wa saratani nao ni mweupe. Titi likijaa weupe, uvimbe mdogo hujificha humo.

Je, wajua kwamba msongamano haupimwi kwa mkono? Titi kubwa, dogo, gumu au laini, yote hayo hayasemi kitu. Picha ndiyo husema. Madaktari wa mionzi huyagawa matiti katika makundi manne, A hadi D: A ni karibu mafuta matupu, D ni tishu zilizosongamana mno. Nchini Marekani, karibu nusu ya wanawake waliotimiza miaka 40 wako C au D. Kwa hiyo si ugonjwa, ingawa msongamano mkubwa wenyewe huongeza uwezekano wa kupata saratani. Kwa kawaida hupungua umri unavyosogea, hasa baada ya hedhi kukoma.

Je, wajua habari za Nancy Cappello wa jimbo la Connecticut, Marekani? Alipima kila mwaka bila kukosa, na kila mwaka akaambiwa yuko salama. Mwaka 2004, wiki chache tu baada ya jibu jingine zuri, daktari alimpapasa akahisi kitu. Mamogramu ikarudiwa, haikuonyesha chochote. Ultrasaundi ndiyo iliyouona uvimbe, na saratani ilikuwa imeshafika kwenye tezi za kwapani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba matiti yake yamesongamana! Alipigania haki ya kuambiwa, na mwaka 2009 Connecticut ikawa jimbo la kwanza kuliwekea jambo hilo sheria. Alifariki 2018. Tangu Septemba 2024, kila kituo cha mamogramu Marekani kinalazimika kumjulisha mwanamke msongamano wake.

Je, wajua kwamba Uholanzi iliwafuatilia wanawake zaidi ya 40,000 wa kundi la juu kabisa, D? Kwa waliokaribishwa kupimwa pia kwa MRI, saratani zilizojitokeza kati ya kipimo kimoja na kingine zilikuwa 2.5 kwa kila wanawake 1,000, dhidi ya 5 kwa wenzao wa mamogramu pekee. Ila wengi waliitwa tena, wakachunguzwa, wakakutwa hawana saratani. Hofu ya kuitwa tena nayo ni gharama.

Usiiache mamogramu, hata hivyo. Chembe ndogo za kalisi, ambazo huweza kuwa dalili ya mwanzo kabisa, yenyewe huziona vizuri kuliko ultrasaundi. Siku ya kipimo usipake dawa ya kuzuia jasho kwapani. Aluminiamu iliyomo huweza kuonekana kama chembe hizo.

Ukipewa majibu, dada au mama, uliza: "Niko kundi gani, na je, nahitaji kipimo cha ziada?" Na ukihisi uvimbe, rudi hospitali, hata kama mamogramu ya wiki iliyopita ilikuwa safi.