Litungu la Babu Halikogi

Oya wana, nakusanueni mapema kabla hamjachemka kama nilivyochemka mimi: litungu haliogeshwi.

Julai iliyopita nilikuwa Butiama kwa babu mzaa mama, Mkurya aliyehamia huko kitambo. Akanipa litungu lake kiroho safi, eti mikono yake imechoka. Mzigo mzima huo: bakuli la mti lililochongwa, ngozi ya ng'ombe imekazwa juu yake, mikono miwili, mti wa kukingama na nyuzi 8. Ukivuka mpaka pale Sirari unakutana na ndugu zake, obokano ya Wakisii na nyatiti ya Wajaluo, nao nyuzi 8 vilevile. Nikalipakata kwenye boda hadi Kiabakari, lori mbele yetu, kiangazi kimekolea. Nashuka stendi ya Bweri mimi na litungu tuna rangi moja. Konda ananiuliza kama nimetoka kufukua kaburi.

Sasa jioni kuna mtoto mkali alisema atapita geto Nyasho anicheki. We, nikaingiwa na mzuka wa usafi. Ndoo, sabuni ya unga, sponji ya vyombo. Nikasugua ngozi ile kama nasugua raba nyeupe. Ikang'aa kinoma, sidanganyi. Nikagusa uzi mnene: pwaa. Sauti ya boksi lililolowa mvua. Nyuzi zote zimeshuka, zinaning'inia. Nikapaniki, nikalitupa juu ya bati saa saba mchana likauke chapu. Muda si mrefu nikasikia "tap!" Ngozi imejivuta kwa hasira na kuchanika pembeni, mchaniko wa urefu wa kidole gumba.

Mtoto alikuja. Tulisikiliza spika ya simu.

Nikalirudisha Butiama. Babu hakunimaindi. Alilipokea, akalipapasa, akanywa chai yake ikaisha. Halafu: "Mura, ng'ombe aliyekufa ukimwogesha, unategemea afufuke?"

Ishu yenyewe iko hivi. Ngozi ni kama mwili, inakunywa maji hata yaliyoko hewani. Ikinywa inalegea, nyuzi zinashuka. Ikikauka inakaza, na ikikaushwa ghafla inajirarua. Ndiyo maana wazee masika wanalisogeza karibu na moto kidogo kabla ya kupiga, mdogo mdogo, huku wanapiga stori. Vumbi peke yake ni dogo. Vumbi likikutana na maji, ndipo soo linapoanza.

Kwa hiyo sasa nina brashi mpya ya rangi, ile nyembamba, haijawahi kuona rangi. Naanza juu kwenye mti wa kukingama, pale nyuzi zinapozungushwa, maana vumbi linajificha kwenye mizunguko, kisha nashuka hadi kwenye ngozi. Upande mmoja tu, sio kuzungusha. Nyuzi zangu ni nailoni ya kuvulia, ile wanayonunua wavuvi wa Mwigobero. Haishiki kutu, ila jasho la vidole likichanganyika na vumbi linakuwa kama uji, na uzi unapoteza ule mlio wa kukata. Nikimaliza kupiga tu, kitambaa kikavu, uzi kwa uzi, wote 8. Dakika tatu, unachati baadaye.

Ukipigia karibu na ziwa usiku, kuna wale vijidudu wanaopanda kama moshi juu ya maji. Taa ikiwaka wanakuvamia nyomi nzima. Usiwabonde kwenye ngozi! Waache wafe, wakauke, uwapeperushe asubuhi. Ukiwabonda wanaacha doa la mafuta, na mafuta ni gundi ya vumbi. Ndiyo sababu mafuta ya kupikia sipaki, hata msela fulani aniambie yanaleta shaini.

Na rambo usilivishe. Linafungia unyevu ndani, ukungu unaota, mbao inabunguliwa huku unajiona mjanja. Langu nalifunika kanga ya zamani ya bi mkubwa, limening'inia msumarini, mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Babu alikuwa analiweka jikoni kwenye moshi, ndio maana lilikuwa jeusi tii na hakuna mdudu aliyelionja. Mimi ule weusi nilidhani uchafu. Nusu yake nimeumaliza na sponji, inaniuma mpaka leo.

Mwanangu mmoja wa Bunda yeye ana gitaa. Vumbi linazama kwenye tundu, hulifikii. Anamimina mchele mkavu kiganja kimoja, anatikisa, anaumwaga, unatoka na mavumbi yote. Ule mchele wanakula kuku. Mama yake alishatangaza msimamo.

Pale Mwitongo, Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yapo tangu 1999, vitu vimetulia bila boda wala sponji ya mtu. Nikapita siku ile narudisha litungu kwa babu, nikaona wivu kidogo.

Mchaniko aliushona mwenyewe kwa nailoni ileile, mishono sita, imepinda kidogo. Sasa nikigusa uzi mnene kuna kamtetemo fulani pale kwenye mshono, bzzz. Nikamwambia babu tubadilishe ngozi, akakataa. Wana wa kijiweni wanadhani nimefunga bezi, na mimi nauchuna.