Usingizi, Adui wa Mwelekezi wa Ndege za Kijeshi

Ndege ya kivita inapotua salama, sifa humwendea rubani. Ni wachache wanaomkumbuka askari aliyeketi mnarani, visikizi masikioni, macho yakihama kutoka rada hadi uwanjani. Katika kambi ya wanahewa ya Laikipia, Nanyuki, huenda akaelekeza F-5 na helikopta kwa wakati mmoja, vyombo ambavyo mwendo wao haulingani kamwe. Kule Eastleigh, Nairobi, anga ni finyu zaidi kwani viwanja vya Wilson na Jomo Kenyatta viko karibu.

Kinachochoka katika kazi hii ni akili, na dawa yake ni usingizi tu. Taabu ni kwamba kambi hailali. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani inayofuata mwanga wa jua. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri fikira huzorota, hata kwa mtu aliyezoea kukesha. Anaweza kusinzia kwa sekunde chache macho yakiwa wazi, na asijue. Ndege inayokwenda kilomita 500 kwa saa hupita karibu mita 140 kila sekunde.

Mwaka wa 1997 watafiti Dawson na Reid wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama aliye na asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Lakini mlevi hunuka pombe. Mwenye usingizi hanuki chochote. Na jeshini, kusema umechoka huonekana kama uzembe. Kwa maoni yangu, hofu hiyo ni hatari kuliko zamu yenyewe.

Raia nao hawajasalimika. Machi 2011, mjini Washington, Marekani, mwelekezi aliyekuwa peke yake alisinzia, na ndege mbili za abiria zikatua bila msaada wa mnara. Ilikuwa zamu yake ya nne ya usiku mfululizo.

Anayetoka zamu alale mara afikapo nyumbani, chumba kikiwa na giza na watoto wakiambiwa wachezee mbali. Kahawa anywe mwanzoni mwa zamu, kwani nguvu yake hubaki mwilini kwa saa nyingi. Tembe za mafua zinazoleta usingizi, kama Piriton, asizimeze kabla ya kumuona daktari wa kambi. Akipata mwenzake wa kumshikia zamu, alale dakika 20 hivi, kisha angoje kidogo akili itulie kabla ya kushika tena kipaza sauti.