Mafuta Yakimwagika Shambani

Wakulima wengi siku hizi wana injini ya namna fulani. Mmoja ana pampu ya dizeli kando ya mto, mwingine ana kinu cha kusaga mahindi, mwingine hukodi trekta kila msimu. Na palipo na injini, mafuta humwagika. Huenda hata kwako pako mahali kama hapo: udongo ni mweusi, maji ya mvua hayaingii bali hukaa juu yakimetameta, na majani hayaoti, au yakiota huwa ya manjano. Labda umesema moyoni kwamba udongo ule umekufa. Haukufa. Umo na wafanyakazi wengi sana ndani yake, ila wamekosa vitu vitatu ambavyo wewe waweza kuwapa: hewa, maji na mbolea.

Wafanyakazi hao ni bakteria, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Chota udongo mzuri wa shamba kijiko kimoja cha chai; ndani yake mna bakteria wengi kuliko watu wote wa Kenya. Walio wengi hula majani makavu, mizizi iliyooza na samadi. Wachache tu ndio wawezao kula mafuta ya injini, na katika udongo safi kwa kawaida hawafiki hata mmoja katika kila mia. Lakini mafuta yakimwagika, hao wachache hupata karamu, nao huzaana upesi mpaka wakawa wengi.

Utauliza, bakteria wa shamba ambalo halijapata kuona trekta walijifunzia wapi kula dizeli? Jibu liko katika bustani yako ya kabichi. Mwagia kabichi maji, nawe utaona matone yakiteleza juu ya jani bila kulilowesha. Linalozuia maji ni nta nyembamba iliyopakwa juu ya jani, na sehemu kubwa ya nta hiyo imeundwa kwa kaboni na haidrojeni tu, kama dizeli ilivyoundwa. Wataalamu huita vitu vya namna hiyo haidrokaboni. Majani yamekuwa yakianguka na kuoza tangu zamani za kale, na bakteria wa udongo wamekuwa wakila nta yake. Dizeli kwao ni chakula cha ukoo ule ule, ila kimeletwa kwa wingi mno na kwa ghafula.

Sasa tazama jinsi wanavyokula. Fikiri mafuta kama mnyororo mrefu wa kaboni. Bakteria hana meno, lakini ana vimeng'enya, yaani vitu vya mwilini mwake vya kuvunjia chakula. Kwanza huchukua oksijeni kutoka hewani na kuibandika kwenye ncha ya mnyororo. Hapo mafuta ya injini huanza kugeuka, na baada ya hatua chache huwa asidi ya mafuta, ya jamaa moja na ile iliyomo katika mafuta ya kupikia. Tangu hapo kazi ni rahisi: mnyororo hukatwa vipande vipande, kaboni mbili kwa kila mkato. Bakteria hupata nguvu na kujenga mwili, na kinachobaki ni maji na hewa ya kaboni kama ile tunayoitoa puani. Baadhi yao hata hutengeneza kitu kama sabuni, ili mafuta yagawanyike kuwa matone madogo na kuliwa kwa urahisi.

Kumbuka ile oksijeni. Ili kilo moja ya dizeli iliwe yote, zahitajiwa kilo tatu na zaidi za oksijeni. Mtu anayechimba shimo refu na kuufukia udongo wenye mafuta hufikiri ameondoa taabu, kumbe ameihifadhi. Chini kule hewa haifiki, na bakteria wanaoweza kufanya kazi bila hewa huenda polepole mno. Mvua ikija, mafuta husogea kidogo kidogo kuelekea kwenye kisima. Petroli ina benzini ndani yake, nayo benzini ikinywewa au kuvutwa kwa muda mrefu yaweza kuleta saratani ya damu. Kwa hiyo jambo hili si la sura ya shamba tu.

Na yale majani ya manjano? Mkulima aliyelima mabua mabichi ya mahindi ndani ya udongo kisha akapanda mara moja anajua jambo hili. Mimea hunjanjika kwa sababu bakteria wanaoozesha mabua wameichukua naitrojeni yote. Mafuta ni vivyo hivyo, tena zaidi, kwa kuwa yana kaboni nyingi na karibu hayana naitrojeni wala fosforasi. Bakteria wenye chakula tele cha kaboni huikomba naitrojeni iliyomo katika udongo, kisha ikiisha nao hukwama. Hapo ndipo mbolea inapofanya kazi.

Jambo hili lilijaribiwa mahali pakubwa. Mwezi wa Machi 1989 meli iitwayo Exxon Valdez ilipasuka katika pwani ya Alaska, Marekani, na mafuta yapatayo lita milioni 40 yakamwagika. Baadhi ya fuo zilitiwa mbolea ya naitrojeni na fosforasi, na bakteria waliokuwako pale pale wakala mafuta kwa haraka zaidi kuliko katika fuo zisizotiwa. Lakini miaka mingi baadaye mafuta yalikuwa yangali yakipatikana chini ya mawe, mahali hewa isipoweza kupenya. Mbolea bila hewa haitoshi.

Basi, tuseme debe moja la dizeli, lita 20, limepinduka karibu na pampu yako. Kwanza zima moto wote, na mtu asivute sigara. Weka tuta la udongo upande wa mteremko ili mafuta yasifike mtoni. Usioshe kwa maji na sabuni, maana utayasukuma mafuta yaende mbali tu. Wala usichome, moto huunguza ya juu, na mazito hubaki.

Chimbua udongo wote uliolowa. Tandika karatasi nene ya nailoni au turubai mahali palipoinuka, mbali na kisima na mifugo, kisha utandaze udongo huo juu yake usizidi kimo cha futi moja. Ukichanganywa na udongo safi upate kiasi cha matoroli kumi na tano, utakuwa si mkali kupita kiasi. Ongeza toroli mbili au tatu za samadi iliyooza vizuri, ambayo huleta bakteria wengine na kuufanya udongo uwe mwepesi. Kanuni inayotumiwa mara nyingi ni sehemu 100 za kaboni kwa sehemu 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Debe la dizeli lina kaboni yapata kilo 14, kwa hiyo naitrojeni ni kilo moja na nusu hivi. Kilo moja ya DAP na kilo tano za CAN zatosha. Usizitie kwa siku moja! Chumvi nyingi huua bakteria kama inavyounguza mche. Gawanya mara nne, kila mara baada ya majuma matatu.

Geuza udongo kwa jembe la meno kila juma. Kazi hii ndiyo watu huichoka kwanza, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Uwe na unyevu kiasi kwamba ukiufinyanga mkononi unashikamana, lakini maji hayadondoki. Mvua ikinyesha, ufunike. Katika sehemu zenye udongo wenye asidi, kama nchi za chai, tia chokaa ya shamba kidogo. Joto la nchi yetu lakusaidia, na dizeli ikitunzwa hivi hupungua sana kwa muda wa miezi mitatu hadi sita. Mafuta mazito huchukua muda mrefu zaidi, na lami yaweza kukaa miaka.

Wako watu wanaouza bakteria katika chupa. Mara nyingi wale wa shambani mwako, wakipewa hewa na mbolea, hufanya kazi sawasawa na wa kununua. Afadhali fedha hizo ununue CAN.

Kuna jambo moja ambalo bakteria hawaliwezi. Mafuta machafu yaliyotolewa katika injini huwa na madini kama risasi na zinki, na madini hayaliwi na kiumbe chochote. Hubaki katika udongo. Kwa hiyo tabia ya kumwaga mafuta hayo kwenye nguzo ili kuzuia mchwa, au njiani kuzuia vumbi, ni mbaya, hasa karibu na mboga. Yaweke katika mtungi wenye kifuniko, uyapeleke kwa mtu anayeyakusanya.

Tena yako mamwagiko yaliyo makubwa kuliko jembe lako. Mwaka 2015 bomba la mafuta lilivuja huko Thange, Kaunti ya Makueni, na mafuta yakaingia katika udongo na mto ambao watu waliutegemea. Ukiona jambo kama hilo, au ukinusa mafuta katika maji ya kisima, acha kuyatumia siku hiyo hiyo na umpashe habari afisa wa kilimo au wa mazingira.

Udongo wako ukiisha kutoa harufu, usiurudishe bustanini upesi, kwa maana pua haijui yote. Jaza mkebe mmoja udongo huo na mwingine udongo safi, panda punje kumi za mahindi katika kila mmoja, na ungoje majuma matatu. Kama miche ya kwanza imedumaa au ni ya manjano, rudia kugeuza na kutia mbolea. Kama yalingana, mwaga udongo penye nyasi, na uache msimu mmoja upite kabla ya kupanda chochote cha kuliwa.