Mahindi na Mtoto Chumba Kimoja

Mavuno ya Ndithini, huko Masinga, hayaachwi nje. Mkulima wa huko aliyengoja mvua za vuli kwa miezi hulaza magunia mahali anapolala yeye mwenyewe, maana wezi hawajaisha. Dumuzi naye hamwachi. Mdudu huyu wa asili ya Amerika alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akavuka mpaka hadi Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wapo wanaomwua kwa vidonge vya alumini fosfaidi, na hapo ndipo hofu yangu inapoanzia.

Kidonge cha gramu 3 kikikutana na unyevu hutoa gramu 1 ya fosfini, gesi isiyo na rangi. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 2.5. Gramu hiyo moja ikivuja yote humo, hewa itakuwa na takriban sehemu 24 za fosfini kwa kila milioni. Kiwango kinachokubaliwa kwa mfanyakazi, tena mtu mzima, kwa saa nane, ni sehemu 0.3. Ni mara themanini, na mtoto halali kwa zamu.

Utasikia watu wakisema inanuka kitunguu saumu, kwa hiyo mtu atajua. Si kweli. Harufu hiyo hutokana na uchafu uliochanganyika na gesi, nayo nafaka huweza kuufyonza, fosfini ikabaki bila dalili.

Vihisi vya kubebeka vipo, vingine vidogo kama simu. Gesi hupenya utando, ikaungua kikemikali kwenye elektrodi na kuzaa umeme mdogo sana. Umeme huo ndio kipimo. Vyenye redio hutuma kipimo hicho bila waya, hivyo ghala kubwa hujua hali ya rundo bila mtu kuingia. Vina bei kubwa kwa mkulima mmoja, na huhitaji kurekebishwa kila mara. Lakini kikundi cha akiba kinachonunua mashine ya kupukuchua kinaweza kununua na kihisi kimoja, kikazungushwa nyumba hadi nyumba msimu wa kuhifadhi.

Hadi hapo, ipo mifuko isiyopitisha hewa, ambayo humwua dumuzi kwa kumnyima oksijeni, bila dawa yoyote. Asiyeweza kuipata, na atie vidonge kwenye ghala la nje, alifunge, aweke kufuli. Kihisi kikifika, kitundikwe chini, usawa wa mkeka: fosfini ni nzito kidogo kuliko hewa.