Ndaye Mulamba: mchezaji aliyeombolezwa angali hai

Vijana wetu wa Butembo na Beni wanapotoka ibadani siku ya Mungu, wengi wanakwenda moja kwa moja uwanjani. Wengine wanaota siku moja kuvaa jezi ya Nyuki, na wengine jezi ya taifa. Wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya wote. Lakini ukiwauliza ni nani aliyefunga magoli mengi kuliko wote katika Kombe moja la Afrika, wachache watakujibu kwamba ni Mkongomani. Ni Pierre Ndaye Mulamba. Inafaa tujue maisha yake, kwa sababu yanatufundisha juu ya sifa, juu ya ukimbizi, na juu ya wajibu wetu sisi kwa sisi.

Ndaye alizaliwa mwaka 1948 huko Luluabourg, mji ambao leo unaitwa Kananga. Kipaji chake kilimpeleka Kinshasa katika timu ya AS Vita Club, na mwaka 1973 Vita ilitwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Mashabiki walimwita Mutumbula, jina la yule mnyakuzi wa watu ambaye watoto walitishiwa naye zamani. Mabeki walimwogopa hivyo hivyo.

Mwezi wa tatu 1974, Kombe la Afrika lilichezwa Misri. Katika nusu fainali, wenyeji walikuwa wanaongoza 2-0 mbele ya watu wao. Zaire ikarudi na kushinda 3-2, na mawili kati ya hayo yalikuwa ya Ndaye. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, magoli yote mawili yetu yakiwa yake. Kwa kuwa wakati ule mapigo ya penalti hayakutumiwa kumaliza fainali hiyo, mchezo ulirudiwa siku mbili baadaye. Zaire ilishinda 2-0, na ni Ndaye tena aliyefunga yote. Jumla alifunga magoli 9. Zaidi ya miaka 50 imepita na hakuna aliyemfikia. Raisi Mobutu aliwapokea wachezaji kama mashujaa, akawapa nyumba na motokari.

Miezi mitatu baadaye, Zaire ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika ya kusini mwa Sahara kufika huko. Ilifungwa 2-0 na Scotland. Baada ya hapo wachezaji walielewa kwamba pesa walizoahidiwa hazitawafikia, mioyo ikavunjika. Mbele ya Yugoslavia walifungwa 9-0. Katika mchezo huo Ndaye alipewa kadi nyekundu kwa kosa la mwingine: mwenzake Mwepu Ilunga alikiri baadaye kwamba ni yeye aliyempiga mwamuzi teke. Wakarudi nyumbani, na safari hii hapakuwa na ngoma wala motokari. Mkono uliowapandisha ndio uliowaacha.

Wengine watauliza: mchezaji mkubwa namna hii alikosaje akiba? Jibu si gumu. Tangu miaka ya 1960, utawala ulikuwa unawazuia wachezaji wa nchi kwenda kufanya kazi ya mpira Ulaya. Hapakuwa na mikataba ya kumlinda mtu, wala pensheni. Alichokuwa nacho mchezaji ni zawadi ya mkubwa, na zawadi ya mkubwa haiwi mshahara. Miguu ilipochoka, mapato nayo yaliisha.

Mwaka 1994 viongozi wa mpira wa Afrika walimwita Tunisia wakamheshimu kwa yale magoli yake. Aliporudi nyumbani, majambazi walidhani amekuja na pesa nyingi. Walimvamia na kumpiga risasi mguuni. Katika miaka hiyo ya vurugu mwanawe wa kiume pia aliuawa. Mwaka 1996 Ndaye alikimbilia Afrika Kusini, peke yake, bila kitu. Aliishi Cape Town, ambako familia moja ya mtaa wa watu maskini ilimpokea. Mtu aliyeshangiliwa na bara zima alijitafutia riziki kwa kulinda magari ya watu, na wenye magari hawakumjua.

Mwaka 1998 ilienea habari kwamba amekufa Angola katika ajali ya mgodi. Kwenye Kombe la Afrika lililochezwa Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea. Naye alikuwa hai Cape Town, bila kazi, amezama katika pombe. Dakika moja ya heshima ilipatikana kwa maiti ambayo haikuwepo. Kwa mtu mzima mwenye njaa haikupatikana.

Baadaye alijiinua tena. Alioa huko, akafundisha mpira timu ndogo za mtaani. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70. Siku zile sisi huku tulikuwa katika Ebola, tunanawa mikono kwenye kila mlango na kuzika wapendwa wetu bila kuwagusa. Kifo chake kilitupita.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwa vijana na wazazi: mpira ni kipaji kizuri, lakini msiuache ule shule wala ufundi. Goti likivunjika, mshona nguo bado ana cherehani yake.

Pili, kwa makanisa yetu. Tunajua sana kuchanga kwa ajili ya matanga. Sanduku linanunuliwa, watu wanakesha, maneno mazuri yanasemwa. Je, tulimtembelea huyo ndugu alipokuwa mgonjwa? Tuwahesabu walio hai kati yetu: mwalimu mzee, mwimbaji aliyepoteza sauti, mchezaji aliyeumia na hachezi tena.

Tatu, wageni. Kila kartie ya Butembo na Beni ina watu waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya mauaji. Tumezoea kuwaita wakimbizi tu, kana kwamba hawakuwa kitu kabla ya kufika kwetu. Huko walikotoka walikuwa wakulima wenye mashamba ya kakao, wakunga, wazee wa kanisa. Ile familia ya Cape Town haikumpokea Ndaye kwa ajili ya magoli yake 9. Ilimwona mtu aliyehitaji pa kulala. Wiki hii, tumwulize jirani mmoja aliyekimbia jina lake na kazi aliyokuwa akiifanya kwao. Kisha tukae, tumsikilize.