Kabla ya Kununua Prado ya Nyatike, Lala Chini Yake

Mnunuzi wa gari la mtumba mjini Migori au Homa Bay huanza na boneti. Husikiliza injini, hutazama rangi ya moshi, hujaribu redio, kisha huuliza bei ya mwisho. Kwa Probox huenda hiyo ikatosha. Kwa Prado, Hilux au Pajero haitoshi, maana chini yake kuna mitambo ambayo gari dogo halina: difu ya mbele, propela shafti ya ziada, na boksi ya kugawa nguvu kwa magurudumu manne, ambayo mafundi huiita transfa. Hasara ya laki hujificha huko, na katika kaunti hizi mbili maji ndiyo huitangulia.

Barabara za Nyatike hufurika Mto Kuja unapovunja kingo, na kuna madereva wanaoingiza gari ziwani ili kuliosha. Difu iliyotoka safari ndefu huwa moto. Ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta nyingine kutoka nje. Kuna kijitundu cha kupumulia kilichowekwa kwa kazi hiyo, lakini kikizibwa na tope, difu hunyonya maji kupitia kwenye oili sili. Hakuna taa itakayowaka kwenye dashibodi. Gari litaendelea kutembea huku beringi zikiliwa na kutu polepole, mpaka siku utakaposikia mvumo unaobadilika kila unapokanyaga au kuachilia mafuta. Kufikia hapo meno yamekwisha kulika. Gia mbili kuu za difu, krauni na pinioni, hutengenezwa kwa jozi, kwa hivyo hununui moja ukaacha nyingine.

Dawa ni kumwomba muuzaji ruhusa ya kufungua nati za oili. Fundi aanze na ile ya juu ya kujazia, kwa sababu akimwaga oili kisha nati ya juu ikagoma kufunguka, gari halitaondoka hapo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Nati ya chini mara nyingi ina sumaku, nayo ipanguswe kwa kidole: uji laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyochoma ngozi ni meno au beringi. Muuzaji akikataa nati ziguswe, mimi ningemshukuru nikaondoka.

Vumbi ni habari nyingine. Kuzunguka Macalder na machimbo mengine ya dhahabu, mawe husagwa mchana kutwa, na mawe yenye dhahabu huwa na kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Turbo ya dizeli huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Chujio la hewa lililopasuka, au lililopulizwa kwa kompresa hadi likatoboka, hupitisha chembe hizo hadi kwenye mapanga ya turbo na kwenye kuta za silinda. Chomoa bomba lililo baada ya chujio upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikilivuta.

Prado nyingi za dizeli za miaka ya 2000 na mwanzo wa miaka ya 2010 zina injini ya 1KD, lita 3.0, silinda nne. Ni injini nzuri yenye ugonjwa unaojulikana: washa za shaba chini ya injekta zikivuja, gesi ya moto huingia upande wa oili na kuacha masizi mazito, nayo huziba chujio la kunyonyea oili lililo chini kabisa. Injini hufa kwa kiu ilhali oili imejaa. Injekta zenyewe hazivumilii dizeli ya madumu yenye maji, na nne mpya za asili zaweza kukaribia bei ya bodaboda. Fika alfajiri bila kutoa taarifa, injini ikiwa baridi. Ukikuta boneti ina joto, jiulize ni nani aliyewahi kuamka na kwa nini.

Transfa hupimwa bila spana. Tafuta uwanja mgumu na mkavu, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole. Gari la magurudumu manne ya kudumu likigugumia kana kwamba breki zimeshika, angalia tairi kwanza. Saizi tofauti, au mbili mpya na mbili zilizoisha, hulazimisha mitambo ya katikati kufanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka ya Rongo. Kwa Forester na X-Trail, kuchanganya tairi pekee kwaweza kuua kifaa cha kugawa nguvu.

Kutu ya chasisi haiji na maji ya ziwa letu pekee. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani limepita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, na rangi mpya nyeusi chini ya gari huwa imepakwa kwa sababu. Gonga kwa nyundo ndogo karibu na magurudumu ya nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kubanduka magamba.

Gia boksi ikikataa, fundi wa Migori atapigia simu Kisumu au wauza spea wa Kirinyaga Road, Nairobi. Atakayoletewa kwa basi itakuwa imetolewa kwenye gari lingine, nayo ifunguliwe nati zile zile kabla haijafungwa.